HandBrake kwa rekodi za king'amuzi: inapofaa na isipohitajika

Tangu mitambo ya analojia izimwe Arusha na Moshi mwaka 2013, king'amuzi chenye tundu la USB ndicho kimekuwa deki ya nyumbani. Unachomeka flashi, unabonyeza kitufe chekundu, mechi au taarifa ya habari inaingia. Tabu huanza ukitaka kuitoa rekodi pale na kuipeleka kwingine. Simu inagoma kuifungua, redio ya gari yenye kioo inasema haiitambui, laptopu inaonyesha picha bila sauti. Ukiuliza, wajuzi wengi watakuelekeza HandBrake, programu ya kubadili mafaili ya video.

Ushauri huo si mbaya. HandBrake ni programu ya bure kabisa, chanzo chake kiko wazi, inatumika kwenye Windows, Mac na Linux, na kwa kutoa picha safi sioni ya bure yenye kitufe na menyu inayoizidi. Kasoro ni kwamba watu huikimbilia kwa kila faili, hata lile ambalo lingehamishwa kwa dakika mbili bila picha kuguswa. HandBrake haijui kuhamisha tu. Kila unachoipa, inakichambua fremu (picha moja moja) na kukisimba upya, yaani kuibana picha upya kuanzia mwanzo. Kazi hiyo hula muda na umeme, na picha hupungua ubora kidogo hata ukiipangia vizuri. Kwa hiyo kabla ya kuisakinisha, jua kwanza mkononi una faili gani.

Rekodi ya king'amuzi kwa kawaida huishia na .ts au .mts, na baadhi ya watengenezaji hubandika majina yao kama .pvr au .dvr. Ndani yake ni mkondo uleule uliotoka hewani, umekatwa vipande vya baiti 188, na kila kipande huanza na baiti ya alama, 0x47. Fungua rekodi kwa VLC, bonyeza Ctrl+J, usome mistari miwili: aina ya picha na aina ya sauti. Picha itakuwa MPEG-2 (mfumo wa zamani wa kubana picha) au H.264 (mpya zaidi). Sauti mara nyingi ni MP2, au AAC. Anayetaka maelezo ya kina zaidi atumie MediaInfo, nayo ni ya bure, na itamwambia pia kama picha ni ya mistari inayopokezana au ni fremu kamili. Hilo la mistari tutalirudia, maana ndilo linaloharibu kazi za wengi.

Kama lengo lako ni kuangalia kwenye TV ya flati nyingine, anza kwa kuchomeka flashi yenye .ts ileile kwenye hiyo TV. Nyingi zinaicheza bila maneno, na TV ina saketi yake ya kusafisha mistari ambayo mara nyingi ni nzuri kuliko ya laptopu. Umemaliza, huhitaji programu yoyote.

Kama TV inataka MKV, au unataka tu faili lisogee mbele na nyuma bila kuganda, tumia FFmpeg, programu ya bure inayoendeshwa kwa amri za kuandika, na uhamishe bila kusimba:

ffmpeg -i mechi.ts -map 0:v:0 -map 0:a:0 -c copy mechi.mkv

Hizo `-map` mbili si pambo. Mkondo wa TV huweza kubeba teleteksti, manukuu na data nyingine ambazo kontena jipya (aina ya faili, kama MKV) haliwezi kuzipokea, na amri hufia njiani kwa sababu yake. Hapo unachukua picha ya kwanza na sauti ya kwanza tu. Mechi yenye watangazaji wa lugha mbili huwa na sauti mbili. Ukitaka ya pili andika `0:a:1`. Kasi ya kazi hii hutegemea diski yako, wala si prosesa.

Hali ya katikati hujitokeza sana: picha ni H.264, ambayo simu inaiweza, lakini sauti ni MP2, ambayo simu nyingi haziitaki. Hiyo ndiyo "video bila sauti" ambayo watu huilalamikia. Acha picha ilivyo, badili sauti peke yake:

ffmpeg -i mechi.ts -map 0:v:0 -map 0:a:0 -c:v copy -c:a aac -b:a 160k mechi.mp4

Asiyependa kuandika amri kwenye dirisha jeusi atafute LosslessCut. Inatumia FFmpeg hiyohiyo kwa ndani, ina vitufe, na inakata matangazo ya biashara bila kusimba upya. Inakata penye fremu kuu, yaani zile zinazojitegemea, kwa hiyo usitegemee ikate kwa usahihi wa fremu moja.

Sasa HandBrake. Zamu yake inafika pale picha ni MPEG-2 na unaipeleka kwenye simu, pale faili ni kubwa mno, au pale picha ina mistari na kifaa unachopelekea hakiwezi kuisafisha. Ipakue kwenye tovuti yake, handbrake.fr, si kwingine. Hazijawahi kukosekana tovuti za kuigiza zinazobandika takataka kwenye programu za bure, na hata HandBrake yenyewe, Mei 2017, seva yake moja ya kupakulia ilivamiwa na toleo la Mac likawekewa kirusi. Kwenye Windows itakudai pia .NET Desktop Runtime ya Microsoft, ambayo ni mzigo mkubwa kuliko programu yenyewe, kwa hiyo hesabu bando lako kabla ya kuanza.

Fungua faili, uipe dakika moja ilichunguze. Kwa rekodi ya SD, yaani 720×576, chagua mpangilio ulioandikwa "Fast 576p25". Usichague wa 1080p ukidhani picha itakuwa kali zaidi. Nukta ambazo hazikuwepo hewani hazitazaliwa kwenye laptopu.

Halafu nenda "Filters". Rekodi za TV za SD kwa mfumo wetu ni za mistari inayopokezana: kila sekunde ina nusu-picha 50, moja ya mistari isiyogawanyika kwa mbili, nyingine ya ile inayogawanyika, na kila nusu imepigwa wakati wake. Ukizibandika pamoja kama fremu 25, chochote kinachokimbia hutoka na meno ya kitana pembeni. Angalia miguu ya mchezaji au mpira uliopigwa kwa nguvu, utaona. Kwa mpangilio wa kawaida HandBrake huweka kigunduzi na kisafishaji kiitwacho Decomb, kinachogusa fremu zenye meno tu. Kwa maigizo na mahojiano kinatosha. Kwa mpira, riadha na ngoma, achana nacho: chagua Bwdif, na hapo chini yake uchague "Bob". Hii haitupi nusu-picha yoyote, kila nusu inakuzwa kuwa fremu kamili, na unapata fremu 50 kwa sekunde. Kisha nenda "Video" na ubadili kasi ya fremu iwe 50. Ukisahau hatua hiyo, mpangilio wa 576p25 utazikata zirudi 25, na Bob yako yote imekwenda na maji.

Jaribio la haraka kuliko yote ni maandishi yanayopita chini ya taarifa ya habari. Usisimbe saa nzima ndipo uangalie. Kwenye sehemu ya urefu chagua sekunde, andika 600 hadi 660, simba dakika hiyo moja, kisha iangalie kwenye kifaa kilekile kitakachotumika. Maandishi yakiwa na meno, kisafishaji hakikufanya kazi. Yakienda kwa kurukaruka, umebaki na fremu 25. Yakiteleza kama kwenye TV, endelea na faili zima. Kosa lingine hujionyesha hapohapo: maandishi yakitetemeka mbele na nyuma, mpangilio wa nusu-picha umegeuzwa, ya pili inachezwa kabla ya ya kwanza. Kwa FFmpeg hilo hurekebishwa kwa `bwdif=parity=tff` au `bff`, lakini kwa mkondo uliotoka moja kwa moja hewani ni nadra.

Ubora hupangwa kwa namba ya RF. Ndogo ni picha nzuri na faili kubwa. Watengenezaji wenyewe wanashauri 18 hadi 22 kwa SD, na 20 hadi 24 kwa 1080. Anza na 20. Jambo moja linawashangaza wengi: faili jipya linaweza kutoka kubwa kuliko la mwanzo. Chaneli inayorushwa kwa kubanwa sana, tuseme Mbps 2 za H.264, ina vibonge na chenga kila mahali, na RF 18 inajitahidi kuvitunza hivyo vibonge kana kwamba ni sehemu ya picha. Kwa chaneli kama hiyo, ukishaona H.264 ndani, heri uhamishe tu. Faida ya kweli ya ukubwa unaipata kwenye MPEG-2. Rekodi ya Mbps 5 ni kama GB 2.25 kwa saa, na ikisimbwa upya kwa x264 (kisimbaji cha H.264 kilichomo kwenye HandBrake) hupungua vizuri bila jicho la kawaida kulalamika. H.265 hupunguza zaidi, ila laptopu ya zamani itahema usiku kucha, na redio nyingi za gari haziifungui kabisa. Baki na x264.

Kuna kusimba kwa chipu ya picha, Intel QSV na wenzake. HandBrake inaikubali QSV kuanzia kizazi cha 6 cha Intel kwenda juu, kwa hiyo laptopu nyingi za mtumba za kizazi cha 3 na cha 4 hazimo. Ni ya haraka sana, lakini kwa ubora uleule faili linakuwa kubwa zaidi. Kwa rekodi za kwaya za kugawa kesho asubuhi, sawa. Kwa ya kutunza, hapana.

Umbo la picha nalo lina mtego. Rekodi ya 720×576 inayoonekana pana kwenye TV haina nukta za mraba. Imeagizwa ivutwe hadi sawa na 1024×576 wakati wa kucheza. HandBrake hulihifadhi agizo hilo, na VLC na simu hulitii. Redio za gari za bei nafuu hazilitii, na watu wote wanatoka wembamba na warefu. Kwa redio hizo nenda "Dimensions", zima anamofiki (ndilo agizo hilo la kuvuta) kwa kuchagua "None", ukubwa uwe 1024×576. Kwenye "Video" weka fremu 25, "Profile" iwe Main na "Level" 3.1. Kwa fremu 50, ukubwa huo unavuka kiwango cha 3.1 na redio inaweza kukwama.

Redio na deki za DVD za zamani zaidi zinataka AVI tu, na hapo HandBrake haina msaada. Iliacha kutoa AVI tangu 2009. Sasa inatoa MP4, MKV na WebM basi. Rudi FFmpeg:

ffmpeg -i mechi.ts -map 0:v:0 -map 0:a:0 -vf "yadif,scale=640:360" -c:v mpeg4 -vtag XVID -q:v 4 -c:a libmp3lame -b:a 128k mechi.avi

Hiyo `scale` ni kwa rekodi pana ya 16:9. Kama chaneli inarusha 4:3, weka 640:480.

Yanayoharibika sasa, na sababu zake.

Mechi imekatika na kuwa mafaili mawili. Flashi imefomatiwa FAT32, na FAT32 haikubali faili linalofika GB 4. Kwa chaneli ya Mbps 5 ukomo huo unafika kama saa 1 na dakika 54, yaani mechi yenye muda wa nyongeza inakatika penye utamu. HandBrake haiungi mafaili. Nakili yote mawili kwenye diski ya NTFS, kisha kwenye Windows:

copy /b mechi1.ts+mechi2.ts mechi-nzima.ts

Inawezekana kwa .ts kwa sababu ni vipande vinavyojitegemea. Usijaribu hivyo kwa MP4. King'amuzi kikikubali exFAT au NTFS, fomati flashi hivyo na tatizo linaisha kwenye chanzo.

Umeme umekatika katikati ya kusimba. Hili kwa huku kwetu si la kudharau. MP4 huandikiwa faharasa yake mwishoni kabisa. Kompyuta ikizimika kabla ya hapo, unabaki na faili kubwa lisilofunguka. MKV ikikatika, sehemu iliyokwishaandikwa mara nyingi inacheza. Ukiwa na kompyuta ya mezani bila UPS, simba kwenda MKV, halafu ihamishie MP4 kwa `-c copy`, kazi ya dakika chache. Rekodi yenyewe ya .ts kwa asili yake haijali sana umeme: ikikatika unapoteza mwisho tu, ilimradi mfumo wa flashi haukuharibika.

Sauti inaachana na midomo kadiri rekodi inavyosonga. Chanzo huwa ni vipande vilivyopotea hewani: dishi wakati wa mvua kubwa ya masika, antena inayosukwasukwa na upepo, au flashi inayoandika polepole. HandBrake hujitahidi kujaza kimya palipo na pengo, na mara nyingi inafanikiwa. Kwenye kasi ya fremu chagua "Constant Framerate" ili mambo yatulie. Ikishindikana, FFmpeg iambiwe itupe vipande vilivyoharibika na inyooshe sauti: `-fflags +discardcorrupt` kabla ya `-i`, na `-af aresample=async=1` baada yake, ukisimba sauti upya. Kama mapengo yanatokea kila rekodi hata siku ya jua, shuku flashi. Zile za bei ya kutupa zilizoandikwa GB 64 huenda ndani hazina hata GB 8. Zipime kwa H2testw, programu ya kupima flashi, kabla ya kuzikabidhi fainali.

Rekodi ya saa moja inaonyesha saa 26. Usishtuke. Saa ya ndani ya mkondo huhesabu kwa namba ya biti 33, mapigo 90,000 kwa sekunde, na hujaa na kurudi sifuri kila baada ya saa 26 na nusu hivi. Rekodi yako imeangukia kwenye kurudi huko. Kuihamisha kwa FFmpeg kwa kawaida kunaiweka sawa.

Kuna wanaoona yote haya ni mzigo na kuliacha faili kwa fundi wa kibanda cha kuingiza muvi, pale sokoni Arusha au kule Mbuyuni, Moshi. Si vibaya, ila usiseme tu "nibadilishie iwe MP4". Fundi atachagua MP4 ya kwanza kwenye menyu, na ya kwanza aghalabu haina kisafishaji cha mistari. Mwambie hivi: "Fundi, naomba MP4 ya H.264, sauti AAC, uondoe interlesi, na ukubwa usiubadili." Interlesi ndiyo ile mistari inayopokezana. Fundi akikuuliza ni nini, chukua flashi yako umshukuru. Kabla ya kulipa, angalia maandishi yanayopita chini na uruke hadi dakika za mwisho, ndipo sauti iliyoachana inapojulikana. Huduma za kubadili mafaili mtandaoni sizipendekezi kwa rekodi za TV: unapandisha GB 2, unashusha GB 1, bando limekwisha na mistari bado ipo.

La mwisho ni rekodi ambazo haziwezekani. Baadhi ya ving'amuzi vya kulipia hufunga rekodi kwa ufunguo ulio ndani ya kifaa chenyewe. Dalili zake ni faili lenye ukubwa unaoeleweka, lakini VLC inaonyesha giza au vibonge vya rangi, na MediaInfo haitaji aina ya picha. HandBrake hapo itasema haikupata chochote cha kusimba, na hakuna mpangilio utakaobadili jibu hilo. Rekodi hiyo inachezwa kwenye king'amuzi kilichoirekodi tu. Na hata ile isiyofungwa, kuibadili ili uangalie nyumbani ni jambo moja. Kuionyesha kwa kiingilio kwenye banda umiza au kuiuza kwa kuwajazia watu flashi ni suala la hakimiliki, na COSOTA ipo kwa ajili hiyo.